Hesabu miale ya pezi kabla hujamnunua pleko

Anayenunua tangi lake la kwanza la samaki jijini Nairobi ni nadra aondoke dukani bila pleko. Muuzaji atamchagulia gapi wachache wenye mikia ya rangi, pengine na samaki wa dhahabu wawili, kisha atanyoosha kidole kwa yule wa kijivu aliyejibandika pembeni mwa kioo. Huyo ndiye wa usafi, ataambiwa. Atalamba ukungu wote wa kijani. Samaki mwenyewe ana urefu wa kidole cha mtu mzima, na bei yake haimtishi mteja. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba kidole hicho, kikilishwa vizuri, kinaweza kufikia karibu nusu mita.

Inafaa kumtazama kwa karibu akiwa amejishika hapo kiooni, kwa maana ni nafasi adimu ya kumwona samaki kwa upande wa tumbo. Mdomo wake hauko mbele ya uso, uko chini yake. Midomo imetanuka ikawa duara pana lenye vinundu vidogo, na katikati ya duara hilo zinaonekana safu za meno membamba yaliyopinda kwenye ncha, yakikwaruza kioo huku na huku bila kuchoka. Anajibana hivyo na bado anapumua, kwa kuwa maji hupita kwenye kijia kidogo kando ya sharubu hadi kwenye matamvua. Taa ikiwashwa, kijipande cha ngozi hushuka kutoka juu ya mboni ya jicho na kupunguza mwanga. Ubavuni pamepangwa vibamba vya mfupa kwa safu, kutoka nyuma ya kichwa mpaka mkiani. Mtu akimpapasa kutoka mkiani kuelekea kichwani atahisi ukali kwenye ngozi ya vidole, kwani vibamba hivyo vimeota vijimeno, na ni meno ya kweli, yenye dentini na mishipa ndani, sawa na yale ya kinywani.

Huyu ni kambare. Wengi hawaamini, maana kambare anayejulikana Kenya ni yule mwenye ngozi laini inayoteleza, mumi kama wanavyomwita watu wa Ziwa Victoria. Pleko ni kambare wa deraya, familia nyingine kabisa, Loricariidae kwa jina la kisayansi, na kwao ni Amerika ya Kati na Kusini tu, kuanzia Costa Rica hadi Argentina. Barani Afrika hakuna hata mmoja wa asili. Wanasayansi wamekwisha kuwapa majina zaidi ya spishi 1,000 za familia hii, hivyo ndiyo familia kubwa kuliko zote za kambare. Karibu kila kambare wa nne duniani, ukihesabu kwa spishi, ni wa ukoo huu.

Na si ukoo wa watu wanaofanana. Otocinclus hukoma kukua akiwa na sentimita tatu au nne. Acanthicus hukaribia mita nzima na ana miiba mwili mzima. Farlowella ni mwembamba hivi kwamba akitulia majini hatofautishwi na kijiti. Ancistrus dume ana vinyweleo vya nyama usoni, vimesimama kama ndevu zilizokosea mahali. Panaque hukwangua magogo yaliyozama, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba anakula mbao na kuzimeng'enya, mpaka uchunguzi wa tumbo lake ulipoonyesha kwamba mbao nyingi hupita tu na chakula chake halisi ni vile vinavyooza na kuota juu yake. Kuna hata Lithogenes wa Venezuela na Guyana, ambaye karibu hana deraya yoyote lakini mifupa yake inamrudisha kwenye familia hiyo hiyo.

Kuwapanga hawa wote kumewatesa wataalamu tangu mwanzo. Mwaka 1758 Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyeanzisha utaratibu wa kuvipa viumbe majina mawili ya Kilatini, alimweka pleko katika jenasi ya Acipenser, yaani pamoja na samaki wa Ulaya ambao mayai yao huuzwa kwa jina la kaviari. Kosa lake linaeleweka: wote wana vibamba vya mfupa ubavuni na mdomo upande wa chini. Alikuwa na samaki mfu mkononi, hakuwa na mto. Baadaye, mwaka 1803, Mfaransa Lacépède aliunda jenasi ya Hypostomus, na jina Hypostomus plecostomus likabaki hadi leo. Ndilo linaloandikwa kwenye vibandiko vya maduka ya samaki duniani kote, na mara nyingi samaki aliye ndani ya tangi siye.

Aliye ndani kwa kawaida ni Pterygoplichthys. Njia ya kumtambua haihitaji maabara. Pezi la mgongoni la Hypostomus lina mwiba mmoja mbele na miale laini saba nyuma yake. La Pterygoplichthys ni refu zaidi, kama tanga, na miale yake laini ni tisa au zaidi, mara nyingi kumi na kuendelea. Mtu mwenye subira anaweza kuhesabu kwa macho samaki akifungua pezi. Tofauti hiyo ndogo inatenganisha jenasi mbili ambazo wafugaji wengi huziona ni kitu kimoja.

Ndani ya Pterygoplichthys penyewe mambo hayatulii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Claude Weber wa Geneva aliigawa jenasi hiyo katika tatu. Mwaka 2004 Jonathan Armbruster wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, alichambua mifupa ya familia nzima na kuzirudisha tatu hizo kuwa moja, huku akiifuta pia familia ndogo iliyokuwa ikiitwa Ancistrinae na kuiingiza katika Hypostominae. Spishi zinazouzwa sana, P. pardalis na P. disjunctivus, hutenganishwa kwa madoa ya tumboni: ya wa kwanza yako mbalimbali, ya wa pili yameungana na kuwa mistari iliyojikunja. Lakini huko Florida na Taiwan, ambako samaki hawa wametoroka na kuzaana ovyo, wapo wenye tumbo la nusu madoa nusu mistari, na hakuna anayeweza kuwapa jina kwa yakini. Spishi zimechanganyika mtoni.

Wafanyabiashara wa samaki wa mapambo walichoka kusubiri. Samaki wapya walikuwa wakifika Ulaya kutoka mito ya Brazili kwa kasi isiyolingana na ya wanasayansi, na mwaka 1988 jarida la Kijerumani la wafugaji, DATZ, likaanza kuwapa namba zinazotanguliwa na herufi L. Namba hizo sasa zimepita 500. Maarufu kuliko wote ni L46, mwenye milia mieusi na myeupe kama punda milia, aliyepata jina la kisayansi la Hypancistrus zebra mwaka 1991. Anaishi katika kipande kimoja tu cha mto Xingu, pale pale palipojengwa bwawa la umeme la Belo Monte, na mwaka 2022 nchi wanachama wa mkataba wa CITES walikubaliana kuidhibiti biashara yake duniani. Ukoo mmoja una spishi inayoelekea kutoweka kwao na nyingine inayoharibu mito ya wenyewe. Ndiyo sababu jina sahihi lina uzito.

Hapa ndipo Kibera na Kawangware zinapoingia.

Mitaa hiyo miwili ya Nairobi imelalia mito miwili. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, unashuka Dagoretti na kupita Kawangware, kisha unateremka hadi chini ya kilima cha Makumbusho ya Taifa. Motoine unapita upande wa kusini, unapokea mifereji ya Kibera na kuingia katika Bwawa la Nairobi, chini ya vijiji vya Lindi na Silanga. Bwawa hilo lilichimbwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya kunywa ya jiji, na kwa miaka mingi wenye mashua za tanga walikuwa wakishindana juu yake. Leo sehemu kubwa imefunikwa na gugumaji, na maji yanayoingia yamebeba taka za vyoo, sabuni na mafuta ya gereji. Oksijeni ndani yake ni haba. Samaki wengi wa kawaida wakitiwa humo watakufa.

Pleko hatakufa kirahisi. Maji yakikosa oksijeni, huja juu, humeza funda la hewa na kushuka nalo tumboni. Ukuta wa tumbo lake ni mwembamba na umejaa mishipa ya damu, hivyo tumbo linafanya kazi ya pafu. Akiwa na unyevu anaweza kukaa nje ya maji kwa zaidi ya saa 20 na akarudishwa mzima. Mama anayeuza samaki Kawangware hatashangazwa na habari hii, kwa kuwa amewaona mumi wakitapatapa beseni kutwa nzima, na kamongo anayefika sokoni bado anapumua. Tofauti ni kwamba mumi na kamongo ni wa huku, wana maadui wao na magonjwa yao. Pleko mzima, aliyevaa mfupa na mwenye miiba ya mapezi anayoisimamisha akishikwa, ni ndege wachache sana wanaoweza kummeza.

Chakula chake ni kile kile kinachojaa katika mito yetu: ukungu wa kijani, matope yenye mabaki, kila kilichooza. Baridi ya Julai haitoshi kumwondoa. Majaribio ya Florida yalionyesha kwamba samaki wa kundi hili hufa maji yakishuka hadi karibu nyuzi 10 za Selsiasi, na mito ya Nairobi haifiki huko kwa urahisi.

Wanaomwaga samaki hawana nia mbaya. Pleko amekua, tangi limemwia dogo, amewasukuma wenzake, usiku anang'oa mimea. Mwenye tangi anahama nyumba, au anasafiri. Kumuua hawezi, moyo unakataa. Anaona ni huruma kumpeleka mtoni. Hivyo ndivyo pleko walivyoingia katika mito ya Florida, Mexico, Ufilipino, Bangladesh, Indonesia na Afrika Kusini, ambako P. disjunctivus wamejaa katika mto Nseleni, KwaZulu-Natal. Samaki wa tangi mmoja mmoja, na pengine wa mashamba ya kufugia yaliyofurika.

Nairobi inajua njia hii. Gapi, ambao kwao ni Amerika Kusini, waliletwa kula viluwiluwi vya mbu na sasa wanazaana wenyewe katika maji ya jiji. Naivasha ilipata kambakoko mwekundu wa Louisiana mwaka 1970, kwa makusudi, na miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 ikapata samaki aina ya kapu bila kukusudia. Mbuta aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kila anayekula mgongo wazi Kibera anakula tunda la uamuzi huo, uliolisha watu wengi na kufuta mamia ya spishi ndogo za ziwani. Kila mmoja wa hawa, akishaingia, hakuna aliyeweza kumtoa.

Mfano wa kutisha zaidi uko Mexico. Bwawa la Infiernillo, kwenye mpaka wa Michoacán na Guerrero, lilikuwa na uvuvi mkubwa wa tilapia unaotegemewa na maelfu ya familia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi walianza kutoa nyavu zilizojaa pleko. Deraya na miiba ikakata nyuzi, tilapia wakapungua, na samaki hao, waliowaita shetani, wakatupwa ufukoni kwa tani. Huko Florida tatizo lina sura nyingine: dume huchimba shimo kwenye ukingo wa mto, refu kiasi cha mita moja, na kulinda mayai humo. Mashimo yakiwa mamia, ukingo unadondoka. Katika chemchemi ya Blue Spring pleko huwapanda hata wanyama wa jamii ya nguva na kulamba ukungu migongoni mwao, wakiwasumbua katika miezi ya baridi wanapohitaji kutulia.

Fikiria basi kingo za Motoine, ambako nyumba za mabati zimesogea hadi ukingoni na mvua za masika ya 2024 zilibeba vitanda na watu. Udongo huo hauhitaji mchimbaji mwingine.

Na maji ya Kibera hayaishii Kibera. Kutoka bwawani yanaitwa Mto Ngong, yanapita eneo la viwanda, yanaungana na Mto Nairobi mashariki mwa jiji, kisha na Athi. Hapo njia inafunguka: Fourteen Falls karibu na Thika, Ukambani, Tsavo, ambako mto unachukua jina la Galana, na mwishowe Sabaki, unaoingia baharini kaskazini mwa Malindi. Pleko akivuka eneo la uchafu, atakutana na maji safi zaidi na yenye joto zaidi, yanayofanana kabisa na kwao. Samaki mmoja aliyemwagwa usiku nyuma ya nyumba Lang'ata au Kawangware ana barabara ya mamia ya kilomita mbele yake.

Kinachouma zaidi ni kwamba Kenya ina kambare wake wa kujibandika, na ni wachache wanaomjua. Jenasi yake ni Chiloglanis, ya familia ya Mochokidae, ndugu wa gogogo wa Ziwa Victoria. Ni mdogo, wengi hawapiti urefu wa kidole, hana deraya, na ngozi yake ni laini. Lakini midomo yake na sharubu zake zimeungana zikawa duara la kunyonya, na kwa duara hilo hujishika kwenye mawe ya mito inayokwenda kasi. Hana udugu wa karibu na pleko. Maji makali ya Afrika na maji makali ya Amerika yameunda mdomo ule ule mara mbili, katika koo mbili za kambare zilizotengana zamani sana.

Jenasi hiyo ilielezwa na Wilhelm Peters wa Berlin mwaka 1868, akaiita spishi ya kwanza Chiloglanis deckenii kwa heshima ya Carl Claus von der Decken, msafiri aliyepita Kilimanjaro na kufa kwenye mto Juba mwaka 1865. Mwaka 1902 Boulenger wa London alimweleza C. brevibarbis kutoka bonde la Tana. Mwaka 2015 Ray Schmidt na Henry Bart wa Marekani, pamoja na Wanja Dorothy Nyingi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walitangaza spishi mbili mpya ambazo zilikuwa zikiogelea Kenya bila jina: C. kerioensis wa mto Kerio, na C. devosi wa Ewaso Nyiro Kaskazini. Huyu wa pili alipewa jina la Luc De Vos, Mbelgiji aliyeongoza idara ya samaki ya makumbusho hayo hadi alipofariki mwaka 2003.

Mto ule ule unaotoka Kawangware unapita chini ya jengo hilo la makumbusho, ambako mitungi ya samaki wa Kenya imehifadhiwa. Ndani ya mitungi wamo samaki wanaohitaji maji safi, baridi, yenye oksijeni tele. Nje, mto umekuwa mweusi. Ukiondoa uchafu siku moja, na juhudi za kusafisha mito ya Nairobi zimefanywa na serikali moja baada ya nyingine, swali la nani atakayeishi humo litabaki. Itakuwa hasara kubwa kusafisha mto kwa jasho na fedha za umma, halafu anayekukaribisha ufukweni awe pleko wa Amazon.

Huko kwao pleko ni chakula. Katika Amazon ya Brazili huchomwa ndani ya deraya yake, na nyama yake ikikaushwa husagwa kuwa unga uitwao pirakui. Wapo watakaosema, basi naye akizaana tutamla. Jakarta walijaribu kufanya hivyo na samaki wa mto Ciliwung, na wataalamu wakaonya kuhusu metali nzito zilizokusanywa mwilini mwake. Samaki anayekula matope ya mfereji wa Kibera atabeba kilichomo katika matope hayo.

Hatua zinazohitajika hazigharimu mengi. Wenye maduka waandike kwenye tangi ukubwa wa mwisho wa samaki, kwa sentimita, pamoja na jina lake la kweli. Wakubali kurudishiwa pleko waliokua. Maafisa wa uvuvi, ambao sheria ya mwaka 2016 imewapa mamlaka juu ya samaki wa kigeni, wapite madukani na kujua kinachouzwa. Shule za Kibera na Kawangware zilizo karibu na mito ziwaonyeshe watoto picha za pleko na za Chiloglanis, ili yeyote akimwona samaki mwenye deraya mtoni ampige picha na kuipeleka makumbusho.

Na wewe unayepanga kununua tangi mwisho wa mwezi, simama kwanza mbele ya kioo umsubiri samaki afungue pezi la mgongoni. Hesabu miale laini nyuma ya mwiba. Ikifika tisa au kuzidi, mwache hapo: huyo atakua nusu mita na tangi la sebuleni halitamtosha. Omba Ancistrus, asiyezidi sentimita 15 hivi na anayesafisha vizuri vile vile. Ikiwa tayari unaye yule mkubwa na humtaki tena, mrudishe dukani au mpe mwenye nafasi. Usimpeleke bwawani, wala mtoni.